Atuganile Alipousemesha Mkanda wa Injini

Bado wapo watu hapa Tukuyu wanaosimulia kwamba mke wa shemeji yangu Amoni alimfokea baba mkwe wetu mbele za watu. Mimi nimeolewa katika nyumba hiyohiyo, mume wangu amezikwa huko kwao, na siku hiyo nilikuwepo. Kwa hiyo naandika yalivyokuwa.

Atuganile, huyo mke wa Amoni, alikuwa na duka la vipuri karibu na stendi. Alilifungua miaka ile biashara ilipoachiwa huru na injini za mitumba kutoka Japani zikaanza kupanda milima yetu. Binti wa kijiji cha Lufingo huyo, mcheshi, mwenye kucha safi kuliko muuza vipuri yeyote niliyewahi kumwona. Ukimletea beringi alikuwa akiizungusha sikioni kama mtu anayetafuta stesheni ya redio.

Baba mkwe wetu, mzee Meshaki wa Kisondela, alikuwa na lori dogo la kupeleka ndizi Mbeya. Injini yake ilipokufa aliuza ng'ombe wake akanunua ya mtumba. Ikifa na hiyo, zizini hamkubaki kitu cha kuuza.

Kwetu mke wa mtoto hamtazami baba mkwe wala hasemi naye. Kanisani tulikwenda wote, na heshima hiyo tuliishika vilevile. Ndiyo maana mzee alipokuja na fundi wake, Rodrick, alibaki nje akiupa mlango mgongo, na sisi wakwe zake wawili tukajikunyata nyuma ya kaunta, kanga kichwani.

Rodrick aliingia na mkanda wa taimingi alioufungua kwenye ile injini, pamoja na rola inayoukaza, akamwita Atuganile kwa jina la mwanawe.

"Mama Tulia, mzee anasema mkanda ni mzima, hata maandishi ya Kijapani yanasomeka. Anataka sili ya mbele tu, ya kuzuia oili isivuje. Kesho tunapachika injini."

Atuganile aliukunja mkanda kinyume. Nyufa nyembamba zikaachama kati ya meno.

"Mwambie umekauka kwa kukaa stoo. Ukikatika njiani, valvu zinagongana na pistoni, injini inakuwa chuma chakavu. Abadilishe mkanda na rola sasa, injini ikiwa bado chini."

Rodrick akatoka. Tukamsikia: "Mzee, wanasema si mbaya sana, ila ukipenda..."

"Mwongo huyu!" Atuganile akaninong'oneza. "Anamwogopa mzee kuliko anavyoihurumia injini."

"Punguza sauti, atakusikia."

"Si ndiyo shida yenyewe, dada, kwamba hanisikii?"

Nje mzee alikwisha kukata shauri. "Basi twende. Vya Japani havichakai."

Hapo Atuganile aliugeukia mkanda juu ya kaunta na kupaza sauti.

"Wewe mkanda! Maandishi mazuri, lakini tumbo limepasuka. Utafika Kiwira kweli na ndizi za watu? Na wewe rola, unakoroma kama mlevi. Hebu nenda nje wakusikie!"

Akaibingirisha sakafuni. Ikavuka kizingiti, ikagota kwenye kisigino cha mzee. Waliokuwa duka la jirani wakaangua kicheko, na uvumi ukazaliwa palepale. Mimi nilijifunika kanga mpaka kidevuni. Lakini niambieni, aliyefokewa ni nani? Mkanda!

Mzee aliiokota bila kugeuka. Akaizungusha karibu na sikio. Ikakoroma. Akaizungusha tena, polepole, kisha akaiambia:

"Wewe rola, waambie waliokutuma nimesikia. Nataka mwenzako mpya, na mkanda, na sili. Na mkanda uwe wa sawasawa, si kama ule aliouziwa jirani yetu Lukasi ukaiua injini yake."

Atuganile alishusha mikanda miwili. Wa boksi la kung'aa aliulaza juu ya ule wa zamani. Meno yake yalikuwa na pembe, ya ule wa zamani yalikuwa ya mviringo. Akautupa kando. Wa pili ulikaa jino kwa jino.

"Chukua," alimwambia Rodrick. "Alama za taimingi uzilinganishe kabla ya kukaza. Usije ukaiambia na injini si mbaya sana."

"Nimekoma, mama Tulia."

Wiki iliyofuata lori lilisimama mbele ya duka, injini ikinguruma vizuri. Mzee alishuka, akaweka mkungu wa ndizi mlangoni, uso akiwa ameuelekeza barabarani.

"Wewe mkungu, kaa hapo," alisema kwa sauti. "Ukiulizwa, sema tumekwenda Mbeya na tumerudi."