Gari ya Baba Imeondoka Ikipiga Honi

Usiwahi uza gari ya marehemu kama mbuzi wake wako karibu.

Niko nyumbani Kitengela. Leo asubuhi watu wa vyuma chakavu wamekuja kuchukua pikapu ya Baba, tuliyemzika mwezi uliopita.

Mnaijua hiyo gari. Sura kama chura aliyekanyagwa. Mlango wa dereva ulifungwa na kamba tangu tukiwa shule. Na ilitoka kiwandani na ugonjwa wake: ukikata kona, honi inalia yenyewe. Mafundi wote walishindwa.

Baba hakujali. Kila kiangazi aliitumia kuletea mbuzi maji. Akikata kona ya kuingia kwetu, honi inalia, na mbuzi wanajua maji yamefika.

Sasa leo, wameifunga nyuma ya lori, jamaa mmoja akakaa kwa usukani. Kufika getini, wakakata kona.

Ikalia.

Jamani, mbuzi wote wametoka mbio! Wamejipanga kwa karai tupu, wanalia wakiangalia barabara.

Watu wa lori walicheka. Hata mimi nilikuwa karibu kucheka.

Halafu nikamwona Yeyo, mama yangu. Huyu hakulia hata kaburini. Leo amekaa chini kwa vumbi, kando ya hiyo karai, mkono juu ya mbuzi mmoja.

"Hawa hakuna mtu aliwaambia," amesema.

Mlio karibu, tuleteeni maji.

Lakini mkifika getini, tafadhali, msipige honi.