Nilivyomsusia Muuza Jinzi wa Xintang

Kwa kupatana bei nimebobea, nasema bila haya. Ndiyo maana sikuona tabu kwenda Xintang, mji wa jinzi huko China, kutafuta jinzi za watoto za jumla nikiwa na wanangu wote: Mwanaidi na Hamisi wakitembea, na mdogo wao Zuhura, wa miezi saba, mgongoni ndani ya kanga.

Mwenye duka, mama wa makamo, alitaja bei. Nikamwambia kwa Kichina changu cha sokoni, "Tai gui le," ghali mno. Akagoma kupunguza. Basi nikatumia dawa yangu ya siku zote: nikageuka, nikaondoka nimenuna, nikijua ataniita tu.

Kweli, hatukufika mbali akaanza kupiga kelele.

"Mama, anaita," akasema Mwanaidi, ambaye Kichina anakijua cha shuleni.

"Najua. Msigeuke. Bei inashuka hiyo."

Hamisi akaangua kicheko, nikamfinya. Yule mama akatufuata mbio, wenye maduka wengine wakatoka kutazama, nami nikazidi kutembea kwa maringo. "Bu yao!" nikamjibu bila kugeuka. Sitaki!

"Lakini Mama, hataji bei."

"Anasema nini basi?"

"Anasema Zuhura ameondoka na suruali yake."

Nikapeleka mkono mgongoni. Ilikuwepo, jinzi ndogo mpya, inaning'inia kama mkia. Mguu mmoja Zuhura ameukamata kwa ngumi, na mwingine uko mdomoni, umelowa mate. Mtaa mzima ulikuwa unacheka, na Zuhura naye.