Kitambaa Kwenye Bomba

Maji yakiteremka kwa kitambaa hayalii. Unafunga kipande cha leso kuukuu mdomoni mwa bomba, unakitumbukiza hadi chini ya mtungi, na maji yanashuka nacho polepole, yakitoa sauti ndogo kama ya mtu anayemeza mate. Wiki iliyopita niliisikia sauti hiyo alfajiri, hapa Makina ninapopanga chumba huku nikitafuta kazi, na usingizi ukaniruka.

Utotoni tuliishi Kawangware, katika ploti ya vyumba kumi na bomba moja. Mwaka ule maji yalikuwa haba, mwenye ploti akaamua kila nyumba ichote mitungi miwili kwa siku, basi. Bomba lilikaa ndani ya kisanduku cha chuma, na kila jioni mkewe, Mama Njeri, alikifunga kwa kufuli. Kwetu mitungi miwili haikutosha. Dani, mama yake baba, alikuwa ameletwa kutoka nyumbani kando ya ziwa akiwa hawezi kuinuka kitandani, na shuka zake zilihitaji kufuliwa kila siku. Mama hakutaka jambo hilo lijulikane. "Huyo ni mama ya watu," alituambia. "Hataki kuonwa hivyo."

Kwa hiyo kulipoanza kupambazuka alitoka peku, mtungi mkononi, kitambaa begani. Kufuli lilikuwa bovu. Ukilivuta tu linafunguka. Nilimtazama kupitia tundu la msumari kwenye bati, nikamwona ameinama pale bombani kama anayesali.

Nilikuwa darasa la tano. Siku moja mwalimu wetu wa Kiingereza, mtu mrefu mwenye koti la kahawia, aliandika ubaoni neno moja: *sneak*. Kisha akanyata nyuma ya dawati la Kevo, akamchomoa mandazi mfukoni, na darasa zima likaangua kicheko.

"Ndiyo hiyo," alisema akitafuna. "Unaenda polepole, hutaki kuonekana, kwa sababu unajua ukionekana utaulizwa. Sasa niandikieni sentensi. Na sitaki paka! Kila mwaka nasoma paka na maziwa. Nataka kitu umeona na macho yako."

Nilikuwa mtoto mtiifu. Niliandika kwa Kiingereza, kwa mwandiko wangu bora, kwamba kila asubuhi mama yangu huenda bombani kwa namna ile, na neno lenyewe nikalipigia mstari. Mwalimu aliisoma kwa sauti. "Hii sasa ni sentensi!" Nikapigiwa makofi. Nilikaa nimenyoosha mgongo, na nakiri kwamba sikumfikiria mama hata kidogo. Niliitazama tu ile alama nyekundu ya vema.

Kevo alikuwa wa ploti yetu. Njia nzima ya kurudi nyumbani alinyata mbele yetu akipiga kelele, "Mathe wa Achieng ana-sneak! Ana-sneak na mtungi!" Mama yake alitusikia kutoka langoni. Akaweka mikono kiunoni.

"Kwani sisi wengine hatuogi?" aliuliza ploti nzima. "Ama kuna maji ya wenyewe?"

Milango ikafunguka. Watu wakaanza kusema.

Jioni Mama Njeri alikuja mlangoni kwetu. Mama alikuwa akikunja shuka. Nilitarajia matusi, lakini mgeni aliangalia ile shuka, akaangalia pazia alikolala Dani nyuma yake, akasema kwa sauti ya chini, "Mama Achieng, mimi nilikuwa sijaona kitu. Sasa nimeonyeshwa."

"Najua," mama alimjibu. "Asante."

Nilishangaa, asante ya nini? Kisha tukamsikia akifunga kisanduku. Ta!

Mama hakunichapa. Aliniuliza tu nimepata ngapi. Nikamwambia kumi kwa kumi. "Ni vizuri," alisema, akaendelea kukunja.

Mwisho wa mwezi tulihamia Kisumu Ndogo, Kibera, ambako bomba halikuwa na kufuli. Dani alisafirishwa kwa mkokoteni, juu ya godoro, mchana kweupe, watoto wakifuata nyuma. Alijifunika uso kwa leso mpaka tulipofika.

Nilikuwa chuo kikuu ndipo lile kufuli liliponirudia. Nilikuwa nikitafuta neno jingine kwenye kamusi, jicho langu likatua kwenye lile la ubaoni. Maana yake ilikuwa sawasawa na ya mwalimu. Lakini kufuli bovu halifungi ta. Lilikuwa zima siku zote. Mama Njeri alikuwa akiliegesha tu kila jioni na kwenda kulala. Kamusi inamtaja anayenyata, haimtaji aliyeliegesha kufuli, akalala akimsikia. Mimi niliandika nusu ya jambo lililokuwa la wanawake wawili, na baada ya kusomwa kwa sauti, wa pili hakuweza tena kuendelea na nusu yake.

Labda nafikiri kupita kiasi. Rafiki zangu husema hiyo ndiyo kazi pekee niliyopata tangu nihitimu. Hata barua ya kuomba kazi naisoma mara saba, nikitafuta ni nani nitakayemuumiza.

Leo alfajiri sauti ile imekuja tena. Bomba la hapa nalo lina masharti yake. Nadhani ni mama wa chumba cha tatu, lakini sikuchungulia. Nilivuta blanketi, nikageukia ukutani. Ninyi nimewaambia kwa sababu hamjui ni ploti gani.