Kufuli la Jumapili

Siku yangu ya kwanza kazini, kule kijiji cha Ukata, Fundi Mkuu wa Maji hakunipa hata spana. Alinipandisha mlimani, juu ya mashamba yote ya kahawa, hadi kwenye chanzo, pale kijito kinapozuiwa kwa ukuta wa zege ili maji yaingie bombani. Akasema, "Piga magoti unywe." Nikanywa. "Maji usiyoweza kunywa wewe, usimpelekee mama wa watu." Alikuwa mkali, Mungu amrehemu. Siku hizi nikimkumbuka napandwa na hasira, wala si kwa ajili yake.

Kazi yetu haikujua sikukuu. Mvua ikinyesha, tope hujaa tangini, nawe lazima ufungue valvu ya chini, ile ya kutolea uchafu, la sivyo kijiji kizima kinakunywa udongo. Baadaye nilihamishiwa mwambao wa Ziwa Nyasa, chini ya Mhandisi wa Wilaya, mtu wa sala kwelikweli. Asubuhi ya Pasaka bomba kubwa likapasuka. Watu walikuwa wanaharisha msimu ule, na kuwaambia wachote ziwani ilikuwa ni kuwaua. Mhandisi alitoka kanisani na suti yake, akakunja suruali, akaingia mtaroni. Nikamwuliza, "Mzee, na ibada je?"

Akanitazama kana kwamba nimemtukana. "Kwani hapa unadhani nafanya nini? Lete msumeno!"

Basi nimestaafu, nimerudi kijijini kwetu huku milimani, nikakuta vituko. Mwenyekiti wa kigango chetu, yaani kanisa letu dogo la kijijini, ndiye pia mwenyekiti wa kamati ya maji. Kijana msomi, sauti nzuri ya kuimba. Kaamua kwamba kila Jumapili, kuanzia kengele ya kwanza hadi Misa iishe, maji yafungwe. Kaweka kufuli kwenye chemba, lile shimo lenye mfuniko ambamo valvu ya kijiji imo. Eti akina mama wasikose ibada kwa kisingizio cha ndoo. Na watu wakapiga makofi! Jamani, makofi!

Jumapili moja nakwenda kanisani, nikamkuta Mama Adelina bombani na ndoo tupu. Anamuuguza baba mkwe wake, Mzee Kastori, aliyepooza, hageuki bila kugeuzwa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umesimama hapa?"

"Mzee anaharisha tangu usiku. Maji niliyochota jana yamekwisha. Nimemwomba Mwenyekiti ufunguo, kanijibu nije kwanza kusali."

"Na mzee?"

"Yumo humohumo kwenye uchafu, baba." Akaanza kulia.

 Nilirudi nyumbani kuchukua nyundo na spana. Lile kufuli nililivunja kwa mapigo ambayo nadhani hata kwaya iliyasikia, nikafungua valvu, maji yakaja. Tukamwogesha Mzee Kastori, tukambadilisha shuka. Alinishika kwa mkono wake mmoja ambao bado una nguvu.

Misa ilipoisha Mwenyekiti alinijia mbio na kitabu cha nyimbo mkononi. "Mzee, umevunja mali ya kijiji! Na ibadani hatukukuona. Jumapili ijayo utaomba radhi mbele ya waumini."

"Nani? Mimi? Nenda kamwombe radhi Mzee Kastori. Kisha mwombe na huyo unayemwimbia, maana umemfungia maji mgonjwa wake kwa jina lake!"

"Unakufuru, mzee."

"Ondoka mbele yangu!"

Ninyi vijana mnaoingia kazi ya maji, msinielewe vibaya. Mimi ni Mkatoliki, rozari yangu imechakaa kwa vidole hivihivi. Lakini hasira hii sitaitubu. Miaka yote ile nilipanda mlimani kwenye baridi na matope, na hakuna aliyeniambia kwamba kule sipo mbele za Mungu. Leo mtu ananifundisha kusali kwa kufuli!

Jumapili iliyofuata alikuwa ameweka jipya, kubwa zaidi. Kengele ya kwanza ilipolia nilikuwa nimeshafika. Nikalivunja, nikapiga magoti kwenye tope, nikaingiza mkono chembani, nikafungua valvu. Kanisani walikuwa wanaanza wimbo wa kuingilia. Nikasubiri mpaka ndoo ya Mama Adelina ilipojaa pale bombani, ndipo nikafanya ishara ya msalaba, kwa mkono uleule wenye tope.