Shemeji Alivyonilipa kwa Televisheni Yangu

Mahakama iliamua kwamba shemeji yangu anirudishie gharama za kesi. Ni mdogo wa marehemu mume wangu. Alikuwa amedai kwamba nyumba yetu ya mtaa wa Tshopo ni ya ukoo, akashindwa. Ila mimi, ili nimlipe wakili, nilikuwa nimeweka cherehani yangu rehani kwa jirani mshonaji. Kama nisingeikomboa kabla ya Jumamosi, ingekuwa yake.

Alhamisi nikaenda kwa shemeji pamoja na huissier, mtu wa mahakama anayekamata mali. Akafungua daftari lake sebuleni.

"Televizyo moja."

"Hiyo ni yetu," nikasema.

"Bon. Viti sita."

"Vyetu. Kile cha pembeni mume wangu alikifunga mguu kwa waya."

"Matela?"

"Yetu. Ni godoro la kitanda chetu."

Akaweka kalamu chini. "Mama, nyamaza kidogo nifanye kazi! Siwezi kukamata vitu vyako ili nikulipe weye."

Lakini ningesema nini kingine? Wakati wa matanga, ndugu wa mume walibeba vitu vya nyumba yetu kama ilivyo desturi yao. Mimi nilikuwa nimeketi kwenye mkeka, uso ukutani. Sikuangalia mlangoni, wala sikujua nani amebeba nini.

"Na vimefika hapa namna gani, papa?" huissier akamuuliza.

"Nilivichunga tu," shemeji akajibu. "Kwa mujane wezi wanaingia sana."

Mke wake akacheka kule jikoni mpaka akakohoa.

"Alors munaona!" shemeji akaendelea. "Miye sina kitu. Ni huyu mama iko na vitu vyote, na bado ananisumbua!"

Chake kilikuwa kimoja tu: baiskeli yake ya toleka, anayobebea abiria. Huissier akasema chombo cha kazi hakikamatwi. Nikafikiria cherehani yangu, sikubisha.

Mwishowe huissier akaamuru vitu virudi kwangu. Nikaamua kuuza televisheni siku hiyohiyo. Shemeji mwenyewe akaifunga nyuma ya baiskeli, akaisukuma mpaka sokoni huku mimi na huissier tukifuata nyuma kama watu wa mazishi. Aliyeinunua alilipa kiasi cha kutosha kukomboa cherehani, zikabaki pesa chache.

"Sasa signe kama nimelipa," shemeji akasema, akininyooshea kalamu nitie sahihi.

"Hujalipa, shemeki. Umerudisha."

"Ni kitu kimoja!"

"Si kitu kimoja, papa," huissier akasema.

Shemeji akapangusa jasho, akanyoosha mkono. "Donc nipe pesa ya toleka. Televizyo ilikuwa nzito."

Huissier akanitazama akitaka nikatae. Lakini ni kweli ilikuwa nzito, na kweli aliisukuma. Nikampa. Shemeji akazihesabu mara mbili, akashukuru kwa adabu yote.

"Hii pia niandike kwenye gharama za kesi?" huissier akauliza.

"Andika."

Kisha nikaenda kwa jirani kuchukua cherehani. Nilipanda toleka ya mtu mwingine.