Choo Kisichojaa

Shemeji yangu, mume wa dada, alichimba vyoo mtaa wa juu wa mlima, na wateja walimwita Sururu. Mlima ule ni jiwe la chokaa, limetobokatoboka kama sifongo. Mvua inyeshe usiku kucha, mto huuoni. Nyufa zimemeza kila tone.

Wachimbaji wengine walivunja jiwe mpaka mikono ikachubuka. Sururu aligonga tu, akitega sikio. Akisikia uwazi chini, anatoboa hapohapo mpaka kwenye ufa, kazi imekwisha.

"Hiki hakijai, mama. Wajukuu zako watakikuta."

Alilipwa sawa na aliyevunja jiwe. Kwa hilo nilimvulia kofia.

Yeye na dada waliishi chini ya mlima, kando ya chemchemi inayotoka jabalini, maji baridi, maangavu. Mtoto wao akaanza kuhara. Akipona, anarudia, mpaka mashavu yakabonyea. Zahanati ikatoa dawa. Dada akaikoroga kwa maji yaleyale.

Kisha mama mtia rangi vitambaa wa huko juu akaharibikiwa na pipa la bluu, akalimwaga chooni. Kesho yake dada alikinga ndoo, ikajaa bluu. Akaibwaga mbele ya mumewe.

"Rangi ya nani hii?"

"Ya mama mtia rangi."

"Na mavi ya nani?"

Sururu akapanda mlima, nyumba hadi nyumba, akiomba azibe zile nyufa kwa zege, bure.

Mama mtia rangi alimcheka. "Kikijaa nije kwako, baba? Si uliniapia mwenyewe?"

"Anza kwa jirani," alisema fundi cherehani. "Wao ndio wengi."

Jirani naye akamrudisha kwa fundi cherehani. Siwashangai. Mtu amepata kitu kizuri, akiache kwa sababu mtoto wa mwenzake anahara?

Dada akafunga mzigo, akahamia kwangu mjini, kwenye bomba. Mtoto akanenepa. Jumapili iliyopita Sururu alikuja kuwachukua, shati limepigwa pasi.

"Umeziba?" dada akamuuliza.

"Nimeziba kimoja."

"Cha nani?"

"Chetu."

Chao kiko bondeni, chini kuliko chemchemi. Dada alimpakata mtoto, akaniambia nimtengee shemeji chakula, maana ana safari ya kurudi.