Kisichokula Mafuta Kinakula Nini?

Nakumbuka Jumatano moja ya kiangazi, mwanangu, nilipomsukuma mama yangu juu ya pikipiki isiyo na mafuta, kutoka Isevya mpaka Kitete, hapahapa Tabora, mchana kweupe, nikiwa nimevaa suruali ya bugaluu niliyoishona mwenyewe. Ukicheka sitakulaumu. Waliokuwepo walicheka, na baadhi yao wako hai mpaka leo na bado wananikumbusha. Lakini kaa kwanza nikueleze nilifikaje pale, kwa sababu siku hizi nawasikia vijana wakizungumzia magari ya umeme na bajaji za umeme kwa sauti ileile niliyokuwa nayo mimi zamani, na sauti hiyo najua inakokwenda.

Nilikuwa fundi cherehani, kijana wa miaka ishirini na kitu, nimekodi nafasi ya cherehani moja kwenye baraza la duka Gongoni. Baba alikwisha kufariki, nikawa nakaa na mama Isevya. Mama alikuwa na kidonda mguuni, kidonda kikaidi, kinafunga leo kinafunguka kesho, na kila Jumatano ilibidi apelekwe hospitali Kitete kusafishwa na kufungwa upya. Chombo chetu kilikuwa baiskeli aliyoiacha baba, nyeusi, nzito, yenye keria pana ya chuma. Juu ya keria nilifunga kimto cha usufi nilichokishona kwa mabaki ya vitambaa vya wateja, chekundu huku, kijani kule. Mama alikaa upande, mkono mmoja kiunoni kwangu, akisalimia watu njia nzima kama bibi harusi. Kila aliyepita alipewa "mwangaluka" yake, salamu yetu ya asubuhi, na aliyechelewa kujibu alisalimiwa tena. Baiskeli ile haikutuomba kitu zaidi ya upepo na matone ya oili.

Basi nikaanza kuionea haya. Zilikuwa zimeingia suruali za bugaluu, pana chini kama kengele, na fundi asiyevaa anachokishona nani atamwamini? Nami nilizivaa. Sasa jaribu wewe kuendesha baiskeli na bugaluu. Mnyororo ulizitafuna, oili ikazichora, nikawa nafika Gongoni nimekunja mguu mmoja wa suruali mpaka gotini kama mtu anayelima mpunga. Wenzangu wakapata la kusema. Ndipo akatokea bwana mmoja aliyekuwa anahama mji, akitangaza kuiuza pikipiki yake. Niliiona siku moja, nikaisikia ikinguruma dakika moja, na siku ya tatu nilikuwa nimemuuzia baiskeli mkulima mmoja wa tumbaku, nimechanganya na akiba yangu yote, pikipiki ikawa yangu. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Methali hiyo nilikuwa naijua vizuri. Shuleni niliwahi kuiandika kwa mwandiko uliosifiwa.

Nilipoifikisha nyumbani mama aliitazama, akazunguka nyuma yake taratibu na fimbo yake, akauliza jambo moja tu.

"Na kile kimto?"

Nikamwambia kimeondoka na baiskeli. Akasema sawa, akarudi kuchambua mchele wake.

Wiki ya kwanza nilikuwa mfalme. Ya pili nikagundua kuwa nilinunua mdomo bila kuuliza unakula nini. Miaka ile mafuta yalikuwa ya kuvizia, na yakipatikana hayakuwa saizi ya mfuko wa fundi wa cherehani moja. Tena tairi la nyuma lilikuwa limechoka, na kipuri kidogo kikiharibika ilibidi kuagizwa kwa mtu anayekwenda Dar kwa treni. Unajua nilifanya nini? Nilikuwa naisukuma pikipiki kwa vichochoro, na nikikaribia Gongoni naiwasha ili niingie barazani kwa mngurumo. Tone la mafuta kwa ajili ya masikio ya watu. Jioni naisukuma tena kurudi. Mwanangu, mimi ndiye niliyekuwa naibeba pikipiki.

Jumatano mbili za mwanzo nilimpeleka mama. Ya tatu haikuwepo hata harufu ya mafuta. Nikamwambia asubiri Jumatano ijayo, nikaenda zangu kazini kwa miguu. Mama akasema sawa, kama kawaida yake. Nami sikuiuliza ile sawa ina nini ndani yake.

Hakusubiri. Alichukua fimbo akaondoka. Hakuwa amefika mbali kaka yake, mjomba wangu Maganga, alipomkuta amekaa juu ya jiwe kando ya njia, bandeji imelowa. Mjomba hakupiga kelele. Alimwacha palepale kivulini, akaja Gongoni na baiskeli yake, akasimama mbele ya cherehani yangu. Nikainuka kwa adabu.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Pikipiki yako iko wapi?"

"Nyumbani, mjomba. Haina mafuta."

"Mama yako yuko njiani," alisema. "Twende tukaichukue."

Nilidhani atanipa hela ya mafuta. Tulipofika nyumbani aliniambia niisukume mpaka pale mama alipokaa, akamwinua dada yake akampandisha juu ya kiti, akaniambia sukuma. Nikamtazama, na baiskeli yake mwenyewe ipo, ina keria. Akasema, "Umenunua mzigo. Leo utaujua uzito wake."

Mchanga wa Tabora unaujua. Nilisukuma nikitokwa jasho mpaka puani, bugaluu zinafagia njia, watoto wa shule nyuma yetu. Mama aliona haya kwa ajili yangu mpaka akasahau kusalimia watu, na hilo ndilo lililonichoma kuliko vicheko. Mjomba alikokota baiskeli yake pembeni, mkono mmoja umeshika mgongo wa dada yake asianguke, akawa ananisimulia habari za baba yao, aliyekuwa mpagazi, mbeba mizigo katika misafara ya kwenda pwani.

Alisema msafara ukitoka Unyanyembe, yaani hapa kwetu, haukwenda mbali siku ya kwanza, hata kama watu walikuwa na nguvu za kwenda. Walitembea kidogo tu, wakapiga kambi mahali ambapo moshi wa nyumbani bado unaonekana. Mgeni aliyeona alidhani ni wavivu. Kumbe usiku ule wa kwanza ndipo mtu alipojua kama mzigo umekaa vibaya begani, kama kamba fupi, kama amesahau chungu. Aliyekosea alirudi nyumbani akarekebisha, asubuhi akaungana na wenzake, na hakuna aliyemcheka. Lakini baada ya hapo, huko mbele porini, bega likikataa mzigo ni shauri yako na bega lako.

"Babu yako hakuwahi kubeba mzigo ambao hajalala nao usiku mmoja," mjomba alisema. "Wewe ulinunua kwa kusikia mngurumo. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Tena hata usufi wa mama yako umeuuza."

Nilikuwa nalia, na jasho lilinisaidia kuficha. Tulifika Kitete, muuguzi akamfungua mama bandeji, akauliza nani amemwacha atembee na mguu huu. Mama akasema, "Nimekuja kwa pikipiki."

Baiskeli ya baba sikuipata tena; mkulima yule aliipenda, na haki yake. Pikipiki niliitoa kwa hasara, nikanunua baiskeli nyingine ya zamani zaidi, nikashona kimto kipya. Kidonda cha mama kilipona kabla ya masika kwisha, alhamdulillahi, na alikalia kile kimto miaka mingi. Lakini hakuacha kusema, kila alipokipanda, kwamba hiki ni kigumu kidogo kuliko cha kwanza.

Sasa njoo kwenye mambo ya leo, maana sikukukalisha hapa kwa ajili ya bugaluu.

Bintiye huyo fundi, yaani Mwajuma wangu, ni mwalimu wa shule ya msingi nje kidogo ya mji. Tunakaa wote Isevya. Asubuhi anapanda bodaboda, jioni bodaboda, na mimi nikiwa na siku ya kliniki ya presha Kitete ananikodia bajaji, kwa kuwa magoti yangu yamestaafu kabla yangu. Mwaka huu akaniletea simu, ndani yake picha ya gari dogo la umeme, jeupe, limetumika, linauzwa na mtu aliyelileta kutoka Dar. Macho yake yalikuwa yanang'aa. Alikuwa tayari kuchukua mkopo wa mwalimu na kuuza kiwanja chake, kile kidogo alichokinunua kwa jasho lake, anachosema siku moja atajenga.

"Baba, halili mafuta kabisa," akaniambia.

Nikamuuliza kisichokula mafuta kinakula nini. Akasema umeme tu. Nikamuuliza na betri ikizeeka, nani Tabora ataifungua, na mpya inapatikana kwa bei gani? Hakujua. Nikamsimulia ya mama, ya kimto na ya kambi ya kwanza. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Baba, zama zenu si zetu," akaenda kusahihisha madaftari.

Nami nitasema ukweli, kwa kuwa mzee muongo hana faida: moyoni nilikuwa natamani tu aachane na mambo yote ya umeme. Niliona ni bugaluu nyingine. Nilimkumbusha kambi ya kwanza nikitaka abaki nyumbani, na sivyo mjomba alivyonifundisha. Kambi ya kwanza ni ya mtu anayesafiri.

Zikapita wiki mbili tatu, Mwajuma hazungumzii tena gari. Nikadhani amenuna. Ndipo jirani yetu mama Zena akaja kuniambia, kwa sauti ile ya mtu anayeleta habari ya ugonjwa, kwamba mwanangu mwalimu kaonekana anaendesha bajaji ya umeme kati ya Isevya na Kitete, anakwenda anarudi, anakwenda anarudi, na nyuma kabeba gunia moja la mahindi. Hauzi, hanunui. Watu wanauliza kama yuko salama.

Aliporudi jioni nilimkalisha.

"Mwajuma, gunia lile ni la nini?"

"Ni wewe, Baba."

Sikuelewa. Akanieleza kuwa siku ya kliniki, nilipopanda mizani, alitazama uzito wangu na kuukariri. Akapima mahindi sawasawa na mimi, akaliweka gunia pale nitakapokaa mimi, akalifunga mkanda. Kwanza alimwomba mwenye gari jeupe amruhusu kuliendesha siku moja. Lilikwenda vizuri barabara ya lami, lakini kwenye mchanga wa Isevya lilikwaruza tumbo, na alipouliza bei ya betri mpya, yule mwenye gari alianza kuzungumzia rangi. Akamrudishia funguo na shukrani. Kisha akakodi bajaji ya umeme ya kijana mmoja, siku kadhaa, akiiendesha mwenyewe, akamtafuta na fundi anayezitengeneza hapahapa mjini akaongea naye. Akaijaribu kwenye mchanga, akaijaribu kwenye mvua, na siku umeme ulipokatika mtaani hakuirudisha; alitaka kujua chaji iliyobaki itamfikisha wapi. Ilimfikisha shuleni na kurudi, na Kitete mara moja zaidi.

"Ningekukuta njiani umekaa juu ya jiwe, Baba, ningemwambia nini bibi?" alisema.

Mtu wa miaka sabini na kitu, mwanangu, nikaingia ndani kujifanya natafuta miwani, na miwani ninayo usoni.

Bajaji aliinunua. Kiwanja chake kipo palepale. Alichukua mkopo mdogo kuliko ule wa gari, na walimu wenzake wawili wanaokaa njia moja wanamlipa nauli waliyokuwa wakiilipa bodaboda, hivyo chombo kinajilisha chenyewe. Haina mngurumo hata kidogo. Ingekuwa yangu zile siku za Gongoni ningekosa raha kabisa. Nimeishonea kimto cha usufi, chekundu huku, kijani kule, na kila mwezi nakwenda Kitete nimekaa nyuma kama bwana, nasalimia watu njia nzima. Aliyechelewa kujibu namsalimia tena.

Basi nasaha yangu ni hii, nayo si yangu, ni ya babu yangu mpagazi. Usikiogope chombo kipya kwa kuwa ni kipya. Mimi nilikaribia kumzuia binti yangu kwa woga wangu nikiuita hekima. Lakini wala usikinunue kwa picha wala kwa sifa za muuzaji, kwa kuwa kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Bei unayoambiwa ni ya kukiingiza uani tu. Uliza kinakula nini, kikiumwa nani atakitibu, na njia yako wewe, si njia ya kwenye tangazo, itakipokea vipi. Halafu kipakie mzigo wako wa kweli, ukae nacho mahali ambapo moshi wa nyumbani unaonekana, ambapo kurudi si aibu. Na usiuze kinachombeba mtu wako mpaka umeona kwa macho kwamba kipya kitambeba.

Nenda sasa, jua limepanda. Mungu akupe mzigo unaolingana na bega lako, na njia isiyo na mchanga mwingi. Na siku itakapofika zamu yako ya kubebwa, akujalie mtoto aliyekwisha kuujua uzito wako, na akaona hauzidi nguvu zake.